Namna ya Kuielewa na Kuitunza Kengele ya Wizi Mlangoni mwa Duka

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza zile nguzo mbili zinazosimama mlangoni mwa duka, zinazopiga kelele mtu akitoka na kitu ambacho hakijalipiwa. Au kilicholipiwa, maana nguzo hazijui tofauti. Hazijui bei, hazisomi risiti, na mwizi hazimjui kwa sura. Zinachojua ni kimoja tu: kama kuna kipande cha metali cha aina fulani kinachozijibu zikiita. Ukilishika hilo, matatizo mengi ya kengele utayamaliza mwenyewe kabla ya kunipigia simu, na sehemu kubwa utayakuta kaunta, si mlangoni.

Kabla ya kugusa chochote, chukua kibandiko kimoja, yaani kile kinachobandikwa kwenye bidhaa kikiwa na hicho kipande cha metali ndani, ukitazame. Mifumo iliyoenea madukani ni mitatu, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Kama ni kijisanduku cheupe cha plastiki, kirefu kama sentimita 4 na nusu, upana kama sentimita 1, na ukikibonyeza juu unahisi kuna uwazi ndani, huo ni mfumo ambao kwenye katalogi umeandikwa AM. Mistari ya bei iliyochapwa juu yake mara nyingi ni pambo tu, hakuna mashine inayoisoma. Kama ni karatasi bapa ya mraba, na ukiinua kwenye mwanga unaona njia ya metali inayojizungusha kuelekea katikati, hiyo ni RF. Kama ni uzi mwembamba wa metali uliofichwa kwenye mgongo wa kitabu, hiyo ni EM, ambayo maktaba huipenda. EM ndiyo yenye asili ya zamani kuliko zote: Mfaransa Picard alisajili hataza ya wazo lake mwaka 1934, miongo mingi kabla ya AM kuingia madukani katika miaka ya 1980.

Nitakaa zaidi kwenye AM, kwa kuwa ndiyo ninayoitengeneza kila siku, na kwa kuwa ndiyo watu wanayoielewa vibaya kuliko zote.

Pasua kimoja uone

Chukua wembe, pasua kibandiko kimoja cha AM pembeni taratibu, ufungue kifuniko. Ndani utakuta tepe nyembamba zinazong'aa, mara nyingi mbili, zimelala bila kugandishwa popote. Zishike kwa uangalifu, maana ukipumua kwa nguvu zinaruka. Chini yake, umebandikwa kwenye sakafu ya kijisanduku, uko utepe mwingine mzito kidogo na usiong'aa sana. Huo wa chini ndio sumaku. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna chipu ya kompyuta. Wauzaji wengi nikiwaonyesha hawaamini, wanadhani nimewafungulia cha bandia.

Tepe zinazong'aa ni aloi ya chuma, nikeli, molibdeni na boroni. Inapotengenezwa hupozwa kwa kasi ya karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde, kiasi kwamba atomi hazipati muda wa kujipanga kwa fuwele kama ilivyo kwenye metali za kawaida. Metali ya namna hii hubadilika urefu inapoingia kwenye uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika. Hurefuka kidogo mno, kama sehemu 12 kwa kila milioni, jicho haliwezi kuona. Lakini uga ukibadilika harakaharaka, utepe nao hurefuka na kufupika harakaharaka, yaani unatetema.

Utatetema kwa kasi gani? Hapo ndipo urefu wake unapohusika. Tepe ni kama milimita 38. Mtetemo husafiri ndani ya metali hiyo kwa karibu mita 4,400 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milimita 76. Gawanya mita 4,400 kwa mita 0.076, utapata karibu mara 58,000 kwa sekunde. Ndiyo maana nguzo zote za AM hufanya kazi kwenye kilohezi 58, yaani hizo mara 58,000 kwa sekunde. Namba hiyo imekatwa kwa mkasi pale kiwandani, kwa urefu wa utepe. Sikio la binadamu huishia kwenye kilohezi 20 hivi, kwa hiyo hata ukikiweka sikioni husikii kitu.

Sasa nguzo. Ndani ya kila moja kuna koili kubwa ya waya. Koili hupiga uga wa sumaku wa kilohezi 58 kwa milisekunde 1.6 hivi, muda unaotosha mitetemo isiyofika hata mia moja, kisha inanyamaza. Inarudia hivyo mara kati ya 50 na 90 kwa sekunde. Uhondo uko kwenye kile kimya. Gonga glasi kwa kijiko kisha ondoa kijiko: glasi inaendelea kulia yenyewe kwa kitambo. Utepe nao ni hivyohivyo. Nguzo ikishanyamaza, utepe bado unatetema, na kwa kuwa una usumaku, mtetemo wake unatikisa uga unaouzunguka. Koili ya kupokea inausikia. Kifaa cha ndani kinauliza maswali machache: masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni yenyewe? Sauti inafifia taratibu kama inavyotakiwa? Imejirudia kwenye mapigo kadhaa mfululizo? Majibu yote yakiwa ndiyo, kengele inalia.

Funguo, sarafu, mkanda wa suruali, simu, vyote ni metali, lakini havilii kwa kilohezi 58 baada ya pigo kuisha. Ndiyo maana mteja hapigiwi kengele kwa sababu ya funguo zake.

Na ule utepe wa chini? Huo ni wa kuipa kazi mwelekeo. Bila sumaku ya kudumu karibu yake, utepe unaong'aa ungerefuka uga ukielekea kulia, ukarefuka tena ukielekea kushoto, ukaenda mwendo usiolingana na nguzo, na masafa yake ya asili nayo yakahama. Sumaku ya chini inausukuma upande mmoja na kuuweka sawa na kilohezi 58. Kwa hiyo kuua kibandiko cha AM, yaani kukinyamazisha bidhaa ikishalipiwa, si kuvunja kitu. Ni kuuondolea ule utepe wa chini usumaku wake, basi. Tepe za juu hubaki nzima, ila hazipo tena kwenye masafa yanayosikilizwa.

Kwenye EM mambo ni kinyume kabisa. Kibandiko cha EM huuawa kwa kutiwa sumaku, na hufufuliwa kwa kuondolewa sumaku, ndiyo maana maktaba hukitumia tena na tena kwenye kitabu kilekile. RF haina habari na sumaku ya namna hiyo hata kidogo. Ni koili na kapasita (pande mbili za metali zilizotengwa na utando mwembamba) zinazoitika kwenye megahezi 8.2, na pale kaunta hupigwa uga mkali unaotoboa sehemu dhaifu ya kapasita, pande mbili zikagusana, mzunguko ukafa. Ukinunua pedi, yaani kile kifaa cha kaunta cha kuulia vibandiko, ya mfumo mmoja ukaitumia kwa vibandiko vya mfumo mwingine, utapitisha bidhaa siku nzima bila kuua hata kimoja. Nimeyaona hayo kwenye maduka yaliyonunua vifaa kwa bei ya kutupa bila kuuliza.

Kaunta ndiyo yenye makosa

Pedi ya AM ni ile meza bapa iliyolala karibu na mashine ya bei. Ikihisi kibandiko hai, inapiga uga wa sumaku unaogeukageuka huku ukipungua nguvu hadi sifuri, na katika kupungua huko usumaku wa utepe wa chini unavurugika. Mfundishe keshia mambo haya.

Bidhaa ipite juu ya pedi kwa mwendo wa kawaida, karibu, upande wenye kibandiko ukitazama chini. Kuirusha kwa juu sana hakusaidii, nguvu ya uga hushuka haraka ukiinuka sentimita chache. Bidhaa zipite moja moja. Zikibebwa tatu kwa mpigo, ya juu hubaki hai, na mteja ndiye anayekwenda kuaibika mlangoni.

Kama pedi inatoa mlio, keshia ausubiri, kisha apitishe bidhaa mara ya pili. Isipolia, kimekufa. Ikilia tena, ama hakikuwa kimekufa vizuri au kuna cha pili ndani ya boksi. Hicho cha pili ndicho kinachosumbua watu: viwanda vingine hubandika kibandiko ndani ya pakiti kabla bidhaa haijafika dukani, halafu dukani wanaongeza chao kwa nje. Keshia anaua anachokiona.

Kibandiko kilichojeruhiwa tu, yaani hakikufa kabisa, kinaweza kupita mlango wako kimya kisha kikalia kwenye duka la jirani lenye nguzo kali zaidi. Mteja akirudi kulalamika kwamba "mmenitia aibu kule", msimbishie. Mpitishie mfuko wake kwenye pedi, mwombe radhi.

Tagi ngumu, zile za plastiki zenye pini zinazofungwa kwenye nguo, ni suala jingine. Za AM zina tepe zilezile ndani, lakini sumaku yake ni ya kudumu kwelikweli na pedi haiiwezi. Hazikusudiwi kufa. Zinatolewa kwa kifungulio cha sumaku, zinarudi kwenye ndoo, zinatumika tena. Keshia akipitisha tagi ngumu kwenye pedi akadhani amemaliza, mlangoni italia, na ni haki yake kulia.

Kifungulio hicho kina sumaku kali sana. Kifunge kwa skrubu kwenye kaunta upande wa keshia, na usiku kifungiwe, maana kikitoweka mfumo mzima wa tagi ngumu umetoweka nacho. Kikae mbali na pedi, walau nusu mita, na mbali na kadi zenye utepe mweusi wa sumaku, pamoja na saa za mshale. Tena mpangilio uwe huu: toa tagi ngumu kwanza, ua kibandiko mwisho. Kibandiko cha AM huwa hai kwa sababu kina usumaku, kwa hiyo ukikiua kisha ukakilaza juu ya kifungulio, unaweza kukiamsha upya bila kujua. Vya RF navyo vina ufufuo wao: kikikaa kwenye pochi au mfuko wa suruali kikakunjwakunjwa, pale palipogusana huachana, na kibandiko cha mwezi uliopita kinaanza kulia milangoni.

Mahali pa kubandika

Tepe za AM lazima zicheze huru ndani ya uwazi wao. Usikibandike kwenye kona, kwenye mkunjo, wala mahali patakapobanwa na uzito wa bidhaa nyingine rafuni. Kikipinda, tepe zinakwama, na nguzo hazitaambulia kitu.

Usikibandike bapa juu ya kopo la metali. Metali iliyo mgongoni mwake hula uga na kuhamisha masafa. Kama bidhaa ni ya kopo, bandika kwenye kifuniko cha plastiki, au tumia tagi ya kuning'inia. Usiweke viwili vikigusana ukidhani unaongeza ulinzi: sumaku ya kimoja huvuruga masafa ya chenzake, na unaweza kubaki na vibandiko viwili bubu. Na usifunike maelezo ya dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, wala onyo la usalama. Hilo halihusu umeme, ila nimeona maduka yakifanya hivyo, na inakera.

Nguzo zenyewe

Umbali kati ya nguzo na nguzo fuata maelezo ya mtengenezaji. Za AM nyingi hufika karibu mita 2. Mlango wako ukiwa mpana zaidi, ongeza nguzo ya tatu. Kila meneja huniambia, "Fundi, ongeza ukali tu." Sipendi kufanya hivyo. Ukali ukizidi, nguzo zinaanza kusikia bidhaa za rafuni, na kengele inayolia ovyo hugeuka mapambo: baada ya muda hata mlinzi hageuzi shingo.

Acha nafasi tupu ya mita moja na nusu hadi mbili kati ya nguzo na bidhaa zenye tagi. Usiegemeze stendi za chuma kwenye nguzo, wala troli. Fremu kubwa ya mlango ya alumini inayojifunga duara inaweza kunyonya uga, kwa hiyo kabla ya kutoboa sakafu tupime kwanza nguzo zikiwa zimesimama bila kufungwa.

Kujaribu ni kazi ya kila asubuhi, na mtu yeyote anaiweza. Washa kila kitu dukani kama siku ya kazi: taa, skrini, feni, mashine ya kadi. Shika kibandiko hai kwa vidole viwili, mbali na mwili, usikitie mfukoni pamoja na funguo. Pita katikati ya nguzo kikiwa usawa wa kiuno, kimelala. Rudia kikiwa kimesimama wima. Rudia kikiwa kinatazama mbele kama mshale. Kisha fanya hivyohivyo karibu na kifundo cha mguu na usawa wa kichwa. Koili husikia vizuri mwelekeo mmoja kuliko mwingine, na katikati ya njia ndipo pagumu zaidi. Andika matokeo daftarini. Ukiona mwelekeo uliokuwa unalia wiki iliyopita leo umenyamaza, kuna kitu kimehamishwa au kimeungua, na hapo ndipo uniite.

Kengele ikilia bila mtu

Duka moja la nguo walinilalamikia kwamba nguzo zinalia zenyewe kila jioni. Keshia mmoja akaniambia, "Fundi, haya sasa ni majini." Nikamuuliza, "Dada, jioni mnawasha nini ambacho mchana hamwashi?" Akafikiri, akanionyesha kidole bango la taa dirishani. Tulilizima, kengele ikatulia. Tukaliwasha, ikaanza. Kisanduku cha umeme cha lile bango kilikuwa cha bei rahisi, kimewekwa sakafuni kabisa karibu na nguzo.

Sababu ni hii. Visanduku vya umeme vya siku hizi, vya taa za LED, skrini na chaja, hukatakata umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde ili kuushusha. Vingine hukata karibu kabisa na kilohezi 58, na visipochujwa vizuri humwaga kelele hewani na kwenye nyaya. Nguzo inayosikiliza kimya inasikia fujo.

Namna ya kumtafuta mchawi wako: zima vifaa vyote vilivyo ndani ya mita kadhaa kutoka kwenye nguzo. Washa kimoja, ngoja dakika chache, kisha kingine. Usiwashe viwili pamoja kwa haraka. Ukikipata, kihamishe kwanza kabla ya kununua kipya, mara nyingi mita mbili zinatosha. Angalia pia waya wa kurefushia umeme uliokunjwa mviringo chini ya kaunta: huo umejitengenezea koili. Ukunjue. Nguzo zipewe soketi yake, isiyochangia na friji wala kiyoyozi.

Kama jirani yako naye ana AM, kunaweza kuwa na tatizo la mapigo. Nguzo hupanga mapigo yake kwa kufuata mawimbi ya mkondo geu wa umeme, ili zote zipige pamoja na zisikilize pamoja. Zikiwa kwenye fezi tofauti na hazijarekebishwa, moja inapiga wakati nyingine inasikiliza, na kila mmoja anamwona mwenzake kama kibandiko au kelele. Hili usijaribu mwenyewe. Fundi ana programu ya kusogeza wakati wa pigo, na ni kazi ya muda mfupi.

Watu wanaopita

Kengele ikilia, haijathibitisha kitu. Imesema tu kwamba kuna utepe unaotetema. Maneno ya kwanza ya mlinzi yawe ya kujilaumu duka: "Samahani sana, huenda tumesahau kutoa kibandiko. Naomba turudi kaunta mara moja." Asimshike mtu mkono, asimwage mfuko mbele za watu. Mpitishe mteja mwenyewe bila mfuko, kisha mfuko bila mteja, utajua haraka kinacholia kiko wapi. Kagua pia viatu na koti alivyovaa, kwa maana huenda vibandiko vyake vilitoka duka jingine.

Kisha kuna wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani. Mwaka 1998 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu vifaa hivyo na nguzo za wizi. Ushauri wake ni rahisi: pita kwa mwendo wa kawaida, usisimame kati ya nguzo, usiziegemee. Kwa mwenye duka maana yake ni kwamba usiweke benchi, foleni, wala bidhaa za kuchagua pale kati au kando ya nguzo, na nguzo usizifiche ndani ya mapambo, mtu aone anapita wapi. Mteja akikwambia ana kifaa hicho, asikisogelee kifungulio cha sumaku wala kuegemea pedi ya kaunta. Na kiti cha mlinzi kiondolewe pale kilipoegemezwa kwenye nguzo, kisogee mita mbili hivi. Kama mlinzi mwenyewe ana kifaa hicho, aulize daktari wake kabla ya kupangiwa zamu ya mlangoni.